Jina la Babu Kwenye Runinga

S.L.P. 1178,
Kitale.
27 Agosti 2006

Mpendwa Senge Nekesa, shangazi yangu,

Nakusalimu sana kutoka nyumbani kwa kaka yako. Goti lako linaendeleaje? Na baridi ya huko Maseru imepungua, au bado unalala na soksi? Sisi tuko wazima. Baba anakohoa kidogo asubuhi, na Mama bado anagombana na ng'ombe wake. Mahindi yamebeba vizuri mwaka huu.

Mimi niko hapa kwa likizo na kesho alfajiri narudi Nairobi. Nimetaka upate habari hii kwangu kabla hujaipata kwa Baba mdogo Khisa, maana najua atakuandikia, na najua ataandika vipi. Nimefungua shajara yangu nisikosee tarehe.

Wakati wa Pasaka uliniuliza kazi yenyewe ikoje. Asubuhi nakuwa kwetu idara ya hali ya hewa. Vipimo vinaingia kutoka vituo vyote, hata hiki cha Kitale nilikoanzia kusoma kipimamvua baada ya kidato cha nne na mafunzo. Watabiri wakishakubaliana, mimi hubeba taarifa hadi studio. Huko nasimama mbele ya ukuta wa kijani usio na kitu. Ramani mnaiona ninyi. Mimi naiona kwa runinga ndogo iliyowekwa pembeni. Wiki ya kwanza nilisema Bungoma huku mkono uko Lodwar, na Jasbir wa duka la redio hapa mjini hajanisamehe. Kila nikipita anaita, "Mama ya mvua! Leo Bungoma iko wapi?"

Chini ya picha yangu huandikwa jina lote: Phelista Nabwile Wakhungu. Hilo la mwisho ndilo limeleta vita.

Mwisho wa Julai nilikuja nyumbani mara moja. Baba mdogo akatoka Kabuchai na jogoo mweusi kwapani. Akasema, "Bramwel wangu anatahiriwa tarehe kumi na mbili. Shika huyu." Nikamshika, nikashukuru. Mtu wa kwenu akikuletea kuku utamkataaje? Mama akampika jioni hiyo. Baba mdogo hakungoja hata chai, na hapo ningepaswa kushtuka, kwa sababu hajawahi kuiacha chai.

Wewe uliyelelewa na Babu Wakhungu umeshaelewa. Watu walikuwa wakimletea jogoo mweusi azuie mvua siku ya sherehe, na akimpokea, basi amekubali kazi. Mimi nilizaliwa Babu ameshazikwa. Na nani angefikiri kwamba mzee wa kanisa kama Baba mdogo anazunguka na jogoo wa mvua?

Ijumaa ya tarehe 11 nikasimama studio nikasema yaliyokuwa kwenye taarifa: magharibi mwa nchi, ngurumo na mvua kubwa kesho alasiri. Asubuhi yake Bramwel alisimama wima uani mbele ya ngariba, jua likiwaka, hakupepesa jicho. Tunamshukuru Mungu. Alasiri, wageni wakiwa wamejaa, mvua ya mawe ikashuka. Turubai ilipasuka, wali ukaelea, na pombe ya busaa ikaongezewa maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Tarehe 19 nikaitwa kikao cha ukoo Kabuchai.

"Ulikula jogoo wangu," Baba mdogo alianza, "halafu ukasimama mbele ya Kenya nzima ukaita mvua!"

"Sikuiita, Baba mdogo. Nilisema inakuja."

"Ati inakuja! Nani aliionyesha njia?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na hilo likamwasha zaidi. Wakaamua nirudishe jogoo mweusi mbele ya wageni wale wale, halafu nitoe jina la Wakhungu kwenye runinga, kwa sababu eti mambo ya mvua ya Babu si ya mtoto wa kike. Nikikataa, Baba mdogo ataandikia studio kwamba ukoo haunitambui. Mkubwa wetu pale hapendi kelele. Barua kama hiyo inaweza kunitoa kazini, na hilo walilijua vizuri.

Baba alikaa akitazama viatu vyake. Hilo liliniuma, Senge.

Nikasimama. Niliwaambia jogoo sirudishi, kwa kuwa nikimrudisha nitakuwa nimekubali kwamba nilipewa kazi ya kuzuia mvua nikashindwa. Kazi yangu ni kusema ninachokiona, kiwe kizuri au kibaya. Na jina nilipewa na baba yangu kabla sijajua wingu ni nini. Wakitaka kuandika, wino upo.

Niliwakumbusha pia ulichonisimulia, kwamba Babu mwenyewe aliwarudisha watu na kuku wao siku akiona mlima umefunikwa na mawingu. Baba mdogo akajibu kwamba wewe ulikuwa msichana wa kufukuza kuku tu, ungejua nini. Sikuombi uniombee msamaha, kwa maana sina kosa. Lakini hilo la kufukuza kuku, ukitaka kumjibu, hayo ni yenu.

Jana Mama alirudi kutoka soko la Kachibora na jogoo mweusi, akamfunga jikoni. "Mpe tu Khisa, mama, yaishe," akaniambia. Nilichukua kisu nikakata kamba. Mama akanuna.

Leo alfajiri huyo jogoo amepanda juu ya paa la jikoni akawika bila haya. Baba akatoka nje, akamtazama, akamrushia mahindi kiganja kizima. Kisha akaniuliza kesho natokea kwenye runinga saa ngapi. Nikamwambia ni baada ya habari za saa moja. Akasema yeye na wenzake wataenda mapema dukani kwa Jasbir, wapate viti vya mbele, kwa kuwa anataka wasome jina wakiwa karibu.

Kwa hiyo kesho nitakuwa pale mbele ya ukuta wa kijani.

Nisalimie mwanao Ian na mkewe, na yule mtoto umbusu mashavu yote mawili. Mama anakusalimu, ingawa bado amenuna. Mungu alitunze goti lako na akurudishe kwetu ukitembea kwa miguu yako mwenyewe.

Mimi wako, nikupendaye sana,

Phelista Nabwile Wakhungu