Sista Mwekundu wa Baba Mkwe

Loredana, nimejifungia chooni kwa kina Tazio, hapa Omegna.

Unamkumbuka yule sista mwekundu wa chuma kwenye kabati lao la vioo? Yule aliyebuniwa na baba mkwe mwaka 86, sketi yake ina matundu makali?

Mama mkwe kanituma kikwangulio cha jibini. Nikaleta sista. Nikakwangua jibini kwa sketi yake juu ya tambi za watu wote.



Mama mkwe: "Umekwangua kwa SISTA?"

Nikasema, si ndiyo kazi yake?

"Oreste! Miaka yote hii nafuta vumbi, kumbe si sanamu?"

Mzee Oreste akamgeuza sista, akakuta jibini limejaa ndani. Nikajua uchumba wangu na Tazio umevunjika.

Machozi yakamlengalenga. "Anakwangua," akasema. "Sikuwahi kumjaribu. Niliogopa."

Kambuni mwenyewe, Loredana. AKAOGOPA.

Kisha akanisogezea sahani nimwongezee. Akanisogezea saladi, nikakwangua. Akanisogezea tikiti maji. Nikakwangua.

Sasa hivi ananigongea mlango.

"Toka, mwanangu, kahawa tayari. Sista anakusubiri."