Vitabu vya Shujaa Nilivyovishona

Binti yangu,

~~Jipikie mwenyewe.~~ Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto. Mlango ufunge kwa komeo, kitasa kimeharibika tena.

Asubuhi umenifokea kama mtoto mdogo, eti nimeviua vitabu vyako vya katuni za shujaa. Mimi ni fundi viatu! Nikiona karatasi zinaachana, mkono unakwenda wenyewe kwenye sindano. Nilivishona pamoja visipotee. Ningejuaje kwamba mkusanyaji wa vitabu kama wewe hataki hata tundu moja?

Usikate uzi, utavichana. Nitaufumua jioni. Matundu yatabaki, hilo sina dawa yake.

Toleo la tisa usilitafute. Sikulishona kwa sababu sijamaliza kulisoma, nimekwenda nalo kazini. Shujaa wako kamfokea baba yake, nataka kujua kama watapatana.

Baba yako