Aliyepanda Karavani Kabla ya Mapambazuko

Jumatatu, 4 Machi 1957

Kikohozi tangu saa kumi na moja. Uji, nusu kikombe. Wangari, mke wangu, alinifunga shuka kifuani, akanishika mkono hadi lango la kijiji. Homugadi, mgambo wa serikali, aliitazama pasi yangu ya kutembea kana kwamba hakuiona jana. Kisha yadi ya magari. Zamani ilikuwa dakika kumi. Leo nusu saa.

Daktari wa misheni amesema sitayaona mavuno ya kahawa ya mwisho wa mwaka. Alisema kwa Kiingereza, akidhani nitaelewa nusu. Nilielewa yote. Nilikuwa nikifundisha darasa kabla yeye hajazaliwa.

Bado wananihitaji kwa jambo moja. Hapa Nyeri hakuna mwingine anayejua kuvuta karavani, nyumba ya magurudumu, kwa gari kwenye barabara zetu na kuifikisha vikombe vikiwa vizima. Bwana afisa wa wilaya amenipa wiki mbili nimfundishe dereva mpya, kisha nitie sahihi barua kwamba anafaa. Bila sahihi yangu hapati kazi. Karavani ni ile ile ya mwaka wa hamsini na nne. Wameipaka rangi ya kijani. Sasa itakuwa ofisi ya karani wa kugawa mashamba.

Dereva mpya ni Ndirangu, mwana wa marehemu Muriithi. Wangeweza kuniletea mtu yeyote. Wameniletea huyo.

Somo la leo: mzigo. Kilicho kizito kikae chini, juu ya ekseli, chuma kinachoshika magurudumu, au mbele yake kidogo. Kamwe si nyuma. Mkia ukielemewa, karavani itayumba, na ikiyumba italiburuta gari mpaka mtaroni. Alipakia masanduku ya mawe mara tatu. Mara ya tatu alipatia.

Naandika kwa Kiswahili nilichojifunza Tanganyika pamoja na udereva, vita vya kwanza. Wangari husoma Kikuyu tu. Ndiyo sababu.

Jumanne, 5 Machi

Kurudi nyuma. Ukikata usukani kulia, karavani huenda kushoto. Wengi huchanganyikiwa hapo. Nilimwambia ashike usukani chini kabisa, kisha asogeze mkono upande anaotaka mkia uende. Na aende polepole kuliko anavyofikiri ni polepole.

Alizunguka yadi asubuhi nzima. Kamau wa gereji alikuja kutazama, mikono imejaa grisi.

"Wee Ndirangu, hiyo ni karavani ama ni mbuzi unapeleka soko?"

"Heri mbuzi. Hii iko na kichwa ngumu kama yako."

Yadi nzima ilicheka. Mimi pia, hadi damu ikatoka kwenye leso. Anacheka kama baba yake, kichwa nyuma, meno yote nje. Nilitamani kwenda nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Barabarani kwa mara ya kwanza. Njia ya Nanyuki, hadi Kiganjo. Kabla ya kuondoka: kufuli ya kiungo kinachoshika karavani, mnyororo, taa, upepo wa magurudumu, vioo vyote viwili. Kila kitu kwa mkono, si kwa macho. Macho ni mavivu.

Lori la jeshi lilitupita kwa kasi. Upepo wake ukaipiga karavani, ikaanza kutikisa mkia. Mguu wake ulikimbilia breki. Nilimpiga goti kwa bakora yangu. Acha breki, acha mafuta. Shika usukani wima. Usipigane nayo. Alitii. Ikatulia yenyewe. Shati lake lilikuwa limelowa.

Tulipumzika chini ya mkaratusi, tukala viazi vitamu. Akaniuliza dereva anajuaje yanayotokea huko nyuma asikokuona. Swali zuri. Mwalimu mzee akipata swali zuri hulewa. Nikamwambia: kwa makalio. Kila kitu hupita kwenye kiungo na kuja kwenye kiti. Sanduku likiteleza utajua. Mtu akipanda utajua kama ni mnene au mwembamba. Nikaongeza, kwa majivuno, kwamba nilimvuta yule mtu wa gunia miezi mitano, nimekatazwa kumtazama, hata kioo wamekigeuza, lakini hatua zake nilizijua. Mshindo mzito, halafu mwepesi. Kama mtu anayevuta mguu.

Aliacha kutafuna.

"Baba alikuwa na miguu yote mizima, Mwalimu."

Nikasema mvua inakuja, twende. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu.

Ijumaa, 8 Machi

Sikwenda yadi. Nimeomba udhuru wa kifua. Acha niandike, maana nikifa nayo nitakuwa nimekufa mwongo.

Mwaka wa hamsini na nne karavani ilikuwa ya kuchuja watu, kutafuta waliowasaidia waasi wa msituni. Niliivuta kutoka kijiji hadi kijiji. Wanaume na wanawake walipangwa uwanjani, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya dirisha lake. Ndani alikaa mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gakunia, walimwita. Akiitikia kwa kichwa, aliyekuwa mbele yake alipelekwa kambi ya kizuizini. Wengine hawajarudi.

Aliingizwa karavani kabla ya mapambazuko, ndani ya banda la polisi, ili asijulikane. Muriithi hakuwa na gunia lolote. Alikuwa mfagiaji wa karavani na mpeleka chai. Lakini watu walimwona yeye tu akitoka mlango ule, ndoo mkononi. Wakahitimisha kuwa ndiye. Asubuhi moja alikutwa kwenye shamba la kahawa chini ya Gakindu, amekatwakatwa. Nani, hadi leo haijulikani.

Mjane wake, Nyawira, anaishi kijijini kwetu, nyumba ya mwisho karibu na handaki. Yeye hapangi foleni kwenye bomba la maji. Akitokea tu, wanawake hujitwika madebe hata yakiwa nusu, wanaondoka. Hujaza peke yake na kurudi mapema. Miaka mitatu.

Mimi nilimjua mtu wa gunia tangu asubuhi ya tatu ya kazi ile. Kariuki, kifungua mimba wangu, alianguka mtini akiwa na miaka tisa. Nilimfunga kifundo mwenyewe kwa ujuzi wa vitabuni, kikaunga vibaya. Hupanda ngazi kwa mguu wa kushoto, kwa uzito wote, kisha huuvuta wa kulia. Mzito, mwepesi. Niliusikia mshindo huo chini ya kiti changu nikajua.

Siku hiyo alikaa benchi la nyuma. Kwenye mteremko wa mto Gura karavani ikaanza kuyumba. Nilisimama, nikamwendea inspekta wa polisi, nikamwambia: aliye nyuma akae mbele ya ekseli.

Hayo ndiyo maneno pekee niliyowahi kusema. Sikusema mtoeni. Sikusema huyo ni mwanangu. Nilisema akae mahali salama.

Na kwenye maziko ya Muriithi nilisoma Maandiko kwa sauti nzuri.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani. Nyawira peke yake, benchi la nyuma. Ndirangu kando yake, bega lake kama ukuta.

Mchana Kariuki alikuja na sukari na nyama. Khaki iliyopigwa pasi. Amefanywa karani wa kamati ya ardhi. Ataanza Jumatatu ijayo, tarehe kumi na nane.

"Baba, nimepata ofisi ya magurudumu. Nitalala huko huko kama mzungu."

Sikucheka. Akaniuliza nani ataivuta. Nikamwambia.

Alikata nyama kwa muda mrefu. Mama yake alipotoka kuleta chumvi, akasema chini chini:

"Huyo mtafutie kosa, Baba. Wewe ni mwalimu. Hauwezi kukosa kosa."

Basi anajua kwamba najua. Miaka mitatu tumezungumza mvua na ng'ombe.

Walioitikiwa kwa kichwa wameanza kurudi kutoka kambini. Wanakaa kimya, wanauliza kidogo kidogo. Jina moja likitajwa, Kariuki hatalala salama. Na Jumatatu ijayo atapanda karavani nyuma ya mtu niliyemfundisha mwenyewe kuzisikia hatua zake.

Alichechemea hadi langoni. Nilimtazama. Kifundo kile ni kazi ya mikono yangu.

Jumanne, 12 Machi

Damu nyingi. Nilifundisha nikiwa nimekaa kwenye debe.

Jioni nilijaribu, kwa kujaribu tu, kutafuta kosa la Ndirangu. Hana kosa. Baada ya dakika chache nilikuwa nimeshatunga matatu. Nimejichukia.

Alhamisi, 14 Machi

Mtihani. Nyeri hadi Gakindu na kurudi. Mvua ilinyesha jana, udongo mwekundu kama sabuni. Niliweka kikombe cha maji, kimejaa, kwenye rafu ya karavani.

Alishusha gia kabla ya mteremko, si katikati yake. Aliziacha kona zimjie. Kwenye daraja la Gura alitembea kama anayebeba mtoto mchanga. Tulipofika mahali pale kwenye kahawa hakupunguza mwendo wala hakugeuza shingo. Mimi ndiye niliyefumba macho.

Tulirudi yadini. Kikombe kilikuwa kimejaa. Barua ilikuwa mfukoni mwangu, kalamu pia.

Nikasema, bado.

"Nimekosea wapi, Mwalimu?"

Nikamwambia barabara ya mvua inataka uzoefu. Aliingia karavani, akatoka na kikombe, akamwaga maji polepole mbele ya viatu vyangu. Akakifuta kwa shati lake, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Asante, Mwalimu."

Nimetukanwa na watu wengi maishani. Hakuna aliyenitukana hivyo.

Jumamosi, 16 Machi

Imekwisha. Acha niandike ilivyokuwa.

Baada ya chakula cha mchana nilikwenda nyumba ya mwisho. Ndirangu alikuwa akipasua kuni. Hakuniamkia. Nyawira alinipa kigoda na uji, kama inavyompasa mgeni. Niliweka barua juu ya kigoda kingine, imetiwa sahihi. Kisha nikasema yote. Hatua mbili. Banda la polisi. Gura. Jina.

Ndirangu alilishika shoka bila kuliinua. Mama yake hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Baba Kariuki. Uliposoma kile kitabu kaburini, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na mimi nilikushukuru."

"Ulinishukuru."

Nikamwomba msamaha. Nilitaka anisamehe hapo hapo, niende nikafe. Akatikisa kichwa.

"Hapa kwangu hakuna mtu alinihukumu. Nilihukumiwa kwa bomba. Enda usemee huko."

Nilimwambia siwezi kutembea tena. Akasimama, akachukua debe lake, akanishika kiwiko kwa mkono mwingine. Hakunivuta wala hakunisukuma. Tulitembea hivyo, mbele ya nyumba zote. Ndirangu nyuma yetu bila shoka.

Wanawake walimwona, wakaanza kujitwika. Nikasema subirini. Nilifundisha wengi wao kusoma, walisubiri. Nikasema Muriithi hakuwahi kuvaa gunia. Nilimvuta aliyelivaa, namjua. Mmoja akauliza, sauti ya juu:

"Ati ni nani basi? Mzee, usituletee hadithi nusu!"

Nilitafuta pumzi. Ndipo nilipomwona Wangari, mahali pa tatu kwenye foleni, shuka langu mabegani mwake. Sikuwa nimefikiri juu ya Wangari. Nimesoma vitabu vingi, na hilo sikulifikiri.

Nikasema, ni mtoto wangu. Ni Kariuki.

Wangari aliweka debe chini, tupu, taratibu, kama lenye mayai. Akaondoka. Mwanamke aliyekuwa wa kwanza akasogea kando, akamwachia Nyawira nafasi kwenye bomba. Nyawira akasema hapana. Akaenda kusimama mwisho wa foleni.

Nilirudi nyumbani peke yangu, nikishikilia uzio wa nyumba.

Jumapili, 17 Machi

Sikwenda kanisani. Wangari alikwenda.

Kariuki alifika mlangoni, hakuingia. Alisema neno moja, "Baba." Akaenda.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua nyepesi. Nimelala karibu na dirisha.

Saa mbili karavani ilipita barabara ya juu. Niliisikiliza hadi ilipozama kwenye kona. Hakuna kilichogonga. Haikuyumba.

Kamau wa gereji alikuja kuniona. Anasema Kariuki aliripoti kazini, akapanda na faili zake, akakaa nyuma karibu na mlango. Ndirangu alikuwa tayari kwenye usukani. Alizima injini, akashuka, akafungua mlango wa karavani. Akamwambia karani asogee, akae mbele ya ekseli. Akafunga mlango, akajaribu kufuli kwa mkono, akaondoka.



Wangari hajasema nami tangu Jumamosi. Uji ameleta, umepoa kiasi ninachopenda. Mchana alichukua madebe mawili akaenda bombani. Nilihesabu nitakohoa mara ngapi kabla hajarudi, kama nifanyavyo kila siku, maana Jumatatu foleni ni ndefu.

Alirudi mapema. Madebe yote mawili yalikuwa yamejaa.