Taya la Mbelu

Fungurume, 4 Machi 2024

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Mgongo wako je? Sisi tuko, isipokuwa taya langu. Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yangu mume wangu Ntambwe anaisoma. Mama Henriette muuza samaki atakuletea. Walining'oa gego, maumivu yakabaki palepale. Jino lenyewe nimelitazama: zima kabisa! Ntambwe anasema nikilala nasaga meno kama kinu cha mahindi. Mama mkwe kaongeza: «Mwanamuke wa kusaga meno iko anaficha neno.» Kila mtu hapa amekuwa daktari.

Mwanao, Mbelu

Kolwezi, 11 Machi

Mwanangu,

Mgongo unanivumilia. Nimemwuliza daktari wa meno hapa. Anasema ukiyabana meno mchana na kuyasaga usingizini, misuli ya taya inachoka, ndiyo inayouma, mpaka sikioni. Weka kitambaa cha moto. Midomo ifunge, meno yaachane. Halafu akaniuliza: «Mutoto yako iko na mawazo gani?» Mbelu, nilikuzaa mimi. Niambie.

Mamako, Kapinga

Fungurume, 20 Machi

Mama,

Pole kwa kukawia. Kitambaa kinasaidia saa moja tu.

Mwezi wa kwanza, pale tunapooshea mawe ya madini, mnunuzi alinishika kwa nguvu. Nilimsukuma, nikakimbia. Sikumwambia Ntambwe. Unaijua tshibawu yetu: mke aliyeguswa akinyamaza, mume au mtoto ataugua. Nikisema, wazee wa kwao wataniweka katikati kama mwizi, na wanaweza kunirudisha kwako bila mwanangu Gael. Nikinyamaza naye akafa, ni mimi nimemwua. Gael ana homa tangu jana. Naogopa, mama. Nifanye nini?

Mwanao, Mbelu

Kolwezi, 22 Machi

Mbelu wangu,

Leo sina salamu. Usiseme kitu! Mpeleke mtoto apimwe malaria kwanza. Mwenye kosa ni yule mwanaume, si wewe. Henriette ananisubiri mlangoni.

Mamako

Fungurume, 2 Aprili

Mama,

Natumaini u mzima. Karatasi yako ilinikuta nimekwisha kusema. Nilikiri mbele ya wazee, Gael akiungua mapajani mwangu. Wakaninawisha maji ya dawa, wakanisamehe. Hawakunirudisha. Hata hivyo nilimpeleka akapimwa: malaria. Vidonge vya siku tatu, homa ikaisha. Lakini nani atasikia habari ya vidonge? Wanasema kukiri kwangu ndiko kulikomponya.

Usiku ule homa ilipoisha nililala bila kusaga meno, Ntambwe mwenyewe alishangaa. Asubuhi Gael akakohoa, na nyumba nzima ikanigeukia kana kwamba bado naficha neno.

Mwanao, Mbelu