Kanga Juu ya Dishi

Jumatatu, 3 Novemba. Riyadh, Malaz
Nimefagia. Nimepika maandazi, hakuna wa kumpa. Mwanangu Hamisi katoka, mlango kaufunga kwa nje kama nimeiba. Eti nitapotea. Mimi niliyemzaa! Dirisha linatazama ukuta.

Mdogo wangu Mwanaidi kapiga simu toka Tanga. Macho yake yanapofuka. Anataka kuniona uso kabla ya giza. Nimemwambia nakuja. Nakuja na nini? Tangu nizimie uwanja wa ndege Hamisi hataki nisafiri peke yangu, na yeye hapati likizo mpaka mvua inyeshe. Mvua! Jangwani!

Alhamisi, 6 Novemba
Nimemuuliza tena, hiyo ni kazi gani. Anabashiri mvua itayala mawimbi ya setilaiti kiasi gani, ili kituo kiongeze nguvu kabla mawasiliano hayajakatika. Anaandika kwanza. Mvua ikija mashine inapima, wanalinganisha. Upuuzi. Ila akiusema uso wake unarudi utotoni.

Jumapili, 16 Novemba. Jeddah, Bani Malik
Tumehamia huku, eti mvua huku hushuka. Chumba kidogo kuliko cha kwanza. Ila hafungi kwa nje. Ngazi inaishia paani, kwenye dishi lake la kupimia mawimbi, ndiko ninakoanika. Jela yenye mbingu.

Jumanne, 25 Novemba
Imekuja! Hamisi yuko ofisini. Radi zilipoanza nimefunika kioo, kama kwetu. Nikakumbuka lile dishi jeupe huko juu, linaita radi. Nimepanda na magoti haya, nikalivisha kanga zangu mbili, nikazifunga vizuri. Nimelowa mpaka mifupa. Mtaa mto, hakuna kutoka. Jioni nimezifungua, nikazitundika kambani. Nimeokoa kazi ya mtoto, na hata asante siombi.

Jumatano, 26 Novemba
Karudi, hataki kula. Mawimbi yameshuka kwa mbali kuliko alivyobashiri. Bosi kamwambia halas, basi, hesabu zako mafi faida, hazifai kitu, kazi hii tunaifunga, mpeleke mama nyumbani.

Likizo! Nimefurahi. Halafu nikamwona alivyokaa.

"Sielewi, mama. Ni kama maji yaligandia usoni mwa dishi. Na pale maji hayakai, yanateleza."

Nimetazama kanga kwenye kamba.

Alhamisi, 27 Novemba
Nimefunga sanduku. Mwanaidi kalia kwa furaha kwenye simu. Hamisi hajala tena. Kanga bado mbichi. Najichukia.

Ijumaa, 28 Novemba
Nimesema. Baada ya chai.

"Ulilifunika dishi, mama?"

"Kwani hukukulia kwenye nyumba ya kufunika vioo radi ikipiga? Au ulishasahau, msomi?"

Kacheka mpaka kashika mbavu. Kisha kampigia bosi. Mvua ile haitahesabiwa. Wamempa nafasi, wangoje nyingine. Likizo imerudi ilikotoka.

Kala sahani mbili. Mimi sikula.

Jumamosi, 13 Desemba
Mbingu kavu. Nimefungua sanduku, nimevaa kanga moja, nyingine nimejitanda.

Mwanaidi kapiga. Sasa ni sauti tu, kasema, uso wa mtu hauoni tena. Hakunilaumu. Kauliza niko wapi.

Paani, nimemwambia. Nimekaa na dishi.

Unafanya nini huko?

Nangoja mvua.