Kisu cha Kukunja cha Homa Bay

Jumanne, Aprili 1964

Leo tukilima kwa plau, ng'ombe wetu mmoja aliteleza, kamba ya nira ikamkaba shingo, ulimi ukatoka nje. Nikatoa kisu cha kukunja nilichonunua juzi Homa Bay. Nilipokikaza kwenye kamba, kikavunjika pale kinapokunjwa. Nikabaki na mpini tu!

Mke wangu Achieng' akatupa chini mbegu alizokuwa akipanda nyuma yetu, akaja mbio na kisu chake cha samaki, akaikata kamba. Ng'ombe akavuta pumzi. Ningalikuwa peke yangu...

"Baba Otieno, si nilikwambia dukani uchukue kile kinene?" akauliza huku akihema.

Aliniambia kweli. Mimi nilipenda kinachong'aa.

Kesho tunarudi huko pamoja, na atakayechagua ni yeye.