Rivolva ya Bosi, Mikono ya Baba

Riyadh, 2 Machi 2018

Kaka Gilbert,

Pokea salamu zangu nyingi. Uko mzima huko Jeddah? Kile kifua kilikuacha? Mimi ni mgongo tu kidogo, mengine shwari. Barua hii anakuletea Ibra, dereva wetu, ambaye huja huko kwa kazi za bosi, maana simu yangu hukaa na Madam.

Sasa sikia maajabu. Bosi amenunua rivolva! Ya zamani, ya Kiingereza, ameitoa kwa muuza vitu vya kale pale soko la Dirah. Ameiweka sebuleni kwenye kabati la kioo. Kila asubuhi nikipangusa kile kioo najikuta niko kambini tulikokulia, Jumamosi, Baba ametandika gunia mlangoni mwa stoo ya silaha, wewe na mimi tumeshika vitambaa, na ile harufu ya mafuta. Saa zingine Madam huniita mara mbili ndio nirudi Riyadh. Ni kama ile ya Baba kabisa, ile aliyorudishia serikali siku ya kustaafu, akaja nyumbani akakataa hata chai. Ningekuwa na uwezo ningeinunua mimi, nimpelekee aishike tu, sasa vile macho yanamwisha.

Dada yako,
Jepkoech

Kandara, Jeddah, 16 Machi 2018

Dada yangu mpenzi,

Namshukuru Mungu uko salama. Kifua kimepona, ilikuwa ni hii AC ya hoteli. Ibra nimempa chai. Analia eti wanawake wakiruhusiwa kuendesha gari mwezi wa sita, Madam wenu ataendesha mwenyewe, yeye kwisha.

Wewe! Niambie vizuri. Inakunjika katikati ikifunguliwa, ama silinda inatokea kando? Ina pete ya kamba chini ya mpini? Usiku nimeota naitia mafuta, taratibu, na sikutaka kuamka. Sisi tuko na ugonjwa. Ni nani mwingine aliita paka wake Risasi?

Lakini nisikize. Usiiguse. Wewe unaona utoto wetu, wao wataona silaha mkononi mwa mfanyakazi. Pangusa kioo, nenda zako. Likizo yako ni Desemba na Baba anakungoja.

Kaka yako,
Gilbert

Riyadh, 30 Machi 2018

Kaka,

Habari ya siku? Mimi niko, lakini si sana.

Inakunjika katikati. Najua kwa sababu nimeifungua.

Jana bosi alikuwa akimwonyesha mgeni, akaiacha kwenye sinia kati ya vikombe vya kahawa. Nikaja kuondoa vyombo, akanyoosha mkono nimpe ile rivolva. Unajua vile tulilelewa: silaha haipiti mkononi mwako bila kufunguliwa. Ni mikono iliyofanya, Gilbert, mimi sikuwepo. Mtutu chini, nikaikunja, nikaangalia yale matundu yote matupu, nikageukia dirisha nichungulie mwanga ndani ya mtutu, halafu nikampa bosi, mpini mbele. Kwa dakika hiyo nilikuwa na furaha, sikufichi.

Madam alikuwa mlangoni. Alipiga nduru, akamnyakua mtoto, Reem, akakimbia naye juu.

Sasa anauliza msichana wa kazi alijifunzia wapi mambo hayo. Anasema wameleta jambazi nyumbani. Reem siruhusiwi tena kumshika, na ni mimi nimemlea tangu hajajua kukaa. Bosi ameniambia pembeni nimweleze Madam kwamba nilidhani ni pambo, sijui chochote, na yaishe. Nifanyeje?

Dada yako,
Jepkoech

Kandara, 6 Aprili 2018

Dada,

Salamu baadaye. Sema hujui! Sema ulifikiri ni pambo, cheka kama mjinga, omba msamaha. Baba yuko Kapsabet, hatasikia. Tafadhali.

Kaka yako

Kandara, 27 Aprili 2018

Jepkoech,

Uko wapi? Ibra haji tena, simu imezimwa. Kila Mkenya anayeshuka basi la Riyadh namuuliza. Hii nampa mama mmoja anayerudi huko, labda ikufikie. Najuta kukuuliza yale maswali ya silinda. Andika hata mstari mmoja.

Kaka yako anayekosa usingizi

Riyadh, 11 Mei 2018

Kaka yangu Gilbert,

Pole kwa kukutesa. Niko mzima, nakula, silii. Ibra alikatazwa kubeba barua zangu. Hii ameikubali kwa sababu ni ya mwisho.

Niliitwa sebuleni. Jikoni nilikuwa nimejizoeza maneno yako, hata ule ucheko wa kijinga. Bosi akanikazia macho, kama kunisukuma. Madam akauliza, nani alikufundisha? Maneno yalikuwa mepesi kabisa, kaka. Nikamwona Baba ameinama kwenye gunia lake, mdomo ukakataa. Nikasema: ni baba yangu, Josphat, mtunza silaha wa askari wa wanyamapori, na alitufundisha vizuri.

Madam akasema halas, yaani basi, kazi imekwisha. Hata hakukasirika, alikuwa anaogopa tu. Aliniruhusu nimuage Reem akiwa amelala.

Ruhusa ya kutoka nchini imeshagongwa muhuri, narudi nyumbani Jumapili. Najua utasema nimejiharibia, na kweli nimejiharibia. Lakini ningemkanaje mtu aliye hai?

Wewe ukiulizwa huko, sema hujui kitu. Ubaki na kazi. Nimeshatusemea sote wawili.

Dada yako,
Jepkoech